P ni komeo, si breki

Ukisimama asubuhi karibu na soko la samaki Malindi, utasikia mlio mmoja unaojirudia. Mtu amerudi na ndoo yake ya kolekole, ameingia garini, amewasha injini, anavuta gia ya otomatiki kutoka P, ile ya kuegeshea, na gia inagoma. Anaivuta tena kwa nguvu. Chini ya gari kunalia "ko!", bodi nzima inatikisika, maji ya ndoo yanamwagika, naye anaondoka zake.

Wifi yangu, ambaye ndiyo kwanza amepata leseni, aliusikia mlio huo kwenye Fielder ya mumewe tukiwa tumeegesha hapo, pua ya gari ikielekea baharini. Aligeuka macho yamemtoka.

"Wifi, giaboksi imekatika?"

Nilimwambia haijakatika, lakini nikamuuliza kwa nini hendibreki iko chini. Akasema hajawahi kufundishwa kuivuta. Mumewe haivuti, na aliyewauzia gari aliwaambia otomatiki haina haja nayo: ukishaweka P umemaliza. Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wazima wenye miaka 20 barabarani, na kila nikiisikia roho haitulii, kwa sababu mtu anayeiamini anaacha gari lake limeshikwa na kitu kimoja tu, tena kitu asichokijua.

Tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya giaboksi, kwenye mhimili unaopeleka nguvu magurudumuni, kuna gurudumu la chuma lenye meno mapana yaliyoachana. Pembeni yake kuna mkono mfupi wa chuma wenye jino moja, unene wake kama kidole. Ukipeleka gia kwenye P, mkono huo husukumwa na springi hadi jino liingie kwenye pengo kati ya meno mawili ya lile gurudumu. Likishaingia, mhimili hauzunguki. Ni hilo tu. Hapo hakuna pedi, hakuna mafuta ya breki, hakuna kinachobana chochote. Giaboksi iwe ya gia za kawaida au ile ya mkanda inayoitwa CVT, iliyomo kwenye Vitz, Fielder na Note nyingi zinazoletwa kutoka Japani, jambo ni lilelile.

Mara nyingi jino halikuti pengo. Linatua juu ya jino la mwenzake na kusubiri. Ndiyo maana ukiweka P kisha ukaachia breki ya mguu, gari husogea kidogo, halafu husimama kwa mshtuko. Mshtuko huo ni jino linatumbukia mahali pake, na tangu hapo gari lenye zaidi ya kilo 1,000 linaliegemea.

Wenye nyumba za kale za Lamu na Malindi wanalijua komeo. Komeo halibani mlango. Ama limeingia ama halijaingia. Sasa chukua watu watano wauegemee mlango ule usiku kucha, halafu ujaribu kulivuta komeo na wao bado wameegemea. Halitoki. Itabidi uusukume mlango urudi nyuma kidogo, au ulivute kwa nguvu zako zote, nalo likitoka litatoka kwa kishindo. Ile "ko!" ya sokoni ni komeo linalochomolewa likiwa bado limeegemewa. Gari halijafa siku hiyo, lakini pembe za jino zinalika, na vipande vinavyoshikilia giaboksi vinapigwa kila asubuhi.

Kulika ni jambo la polepole. Kinachotisha zaidi ni pigo la ghafla. Gari lililoachwa kwenye P peke yake likigongwa kidogo na mwenzake anayerudi rivasi, pigo lote linakwenda kuishia kwenye kile kijino. Likivunjika, gari linakuwa kama liko N (gia huru), bila dereva. Na ukipeleka P kabla gari halijasimama sawasawa, utasikia "krrrr": jino linarukaruka juu ya meno yanayozunguka. Limetengenezwa likatae kuingia gari likiwa kwenye mwendo, lakini ukiendelea kulilazimisha unalinoa kama kisu.

Breki ya mkono ni kitu kingine kabisa. Kwenye magari mengi madogo inavuta kebo mbili za chuma zinazopita chini ya gari hadi magurudumu ya nyuma, na huko inabana: inasukuma viatu vya breki vigande kwenye dramu, au pedi kwenye diski. Hiki ndicho chombo kilichotengenezwa kubeba gari lililosimama. Ina udhaifu wake pia. Kebo hulegea kwa miaka, na ikiwa umetoka mbali, breki za diski zikiwa moto, chuma kikipoa husinyaa kidogo na mkamato hupungua. Wako walioacha gari limesimama vizuri mteremkoni, wakarudi baada ya saa moja wakalikuta limehama. Kwa hiyo sikuambii uache P. Nakuambia kila kimoja kifanye kazi yake: breki ya mkono ibebe mzigo, komeo lifunge mlango.

Na kazi hiyo inategemea mpangilio. Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea: wanaweka P, wanaondoa mguu, gari linaegemea jino, kisha ndipo wanavuta hendibreki. Wamevuta, ndiyo, lakini mzigo umeshakaa kwingine.

Siku ile sokoni nilimfanya wifi arudie polepole. Kanyaga breki ya mguu hadi gari lisimame kabisa. Mguu ukiwa palepale, peleka gia N. Vuta breki ya mkono, ivute kwelikweli, si kuigusa kwa heshima. Sasa anza kuondoa mguu, taratibu, na ulisikilize gari. Litajikalisha: nyuma itainama kidogo, kebo zitakaza, kisha litatulia. Ukishaona limetulia, na hapo tu, kanyaga breki tena, peleka P, zima injini. Gari likiendelea kusogea hata baada ya kuondoa mguu, hendibreki yako ni mgonjwa na inamngoja fundi. Umeligundua hilo ukiwa bado ndani, mguu karibu na breki. Hiyo ndiyo faida ya kupitia N ambayo watu hawaisemi.

Wakati wa kuondoka unarudi kwa njia uliyoendea. Mguu kwenye breki, washa, toa gia P uiweke D (mbele) au R (rivasi), halafu ndipo ulegeze mkono. Ukilegeza mkono kwanza umelirudishia jino mzigo wote, na "ko!" yako itakuwa inakusubiri.

Wifi alivuta gia. Ikatoka kimya. Akaniangalia, akairudisha P, akaitoa tena, kama mtu anayejaribu ufunguo mpya.

Watu huniambia: Malindi yote tambarare, mlima uko wapi? Ni kweli hatuna milima, lakini gari halihitaji mlima. Linahitaji mwinamo ambao hata jicho haliuoni. Mwaga kikombe cha maji pale unapoegesha, utaona yanaelekea wapi, na gari litataka kuelekea hukohuko. Kuna miinuko ya kuingilia mageti, kuna kingo za mitaro ya mvua, kuna njia za kuteremkia pwani, na ukitoka kidogo kwenda Marafa kuwaonyesha wageni lile bonde la Nyari, unaegesha juu ya korongo. Wengine wanavuka Likoni kwenda Kwale mara kwa mara, na kwenye feri sakafu yenyewe inacheza. Pale vuta breki ya mkono hata kama ukurupukaji wa watu unakuhimiza vinginevyo, na usitoe mpaka walio mbele yako wameanza kushuka.

Kwenye mteremko wa kweli, magurudumu ya mbele nayo yasaidie. Sisi huegesha upande wa kushoto. Ukiwa umeelekea chini, kata usukani kushoto, ili gari likitoroka liishie kwenye ukingo wa barabara na si katikati. Ukiwa umeelekea juu na kuna ukingo wa zege, kata kulia, ili likirudi nyuma tairi la mbele la kushoto likwame kwenye ukingo huo. Pasipo ukingo, kama ilivyo mitaa yetu mingi, kata kushoto kwa vyovyote, lije litoke nje ya barabara. Na jiwe zuri nyuma ya tairi si ushamba. Makanga wa malori wanatembea na kabari zao za mbao, na wana sababu.

Mchanga wa pwani unahitaji neno lake. Breki yoyote inashika gurudumu, haishiki mchanga. Ukiegesha kwenye mchanga ulioinama, magurudumu yote manne yanaweza kuwa yamefungwa kabisa na gari likateleza pamoja na mchanga wake, hasa ukiwa umelowa. Usisahau pia kuangalia mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji ni ya bamvua, na pwani yetu tofauti kati ya kupwa na kujaa huweza kupita mita 3. Pale palipokuwa pakavu saa nne asubuhi patakuwa bahari alasiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata madereva wa siku nyingi hawalijui, nalo ndilo linaloumiza watu: pancha.

Fundi wetu wa hapa mjini aliwahi kunionyesha kwa macho. Alikuwa amenyanyua pua ya Vitz, magurudumu yote mawili ya mbele yako hewani juu ya stendi. Gia ilikuwa P, nilihakikisha mwenyewe. Akaniambia zungusha tairi la kulia. Nikalisukuma kwenda mbele nikitarajia ligome. Likazunguka. Na upande wa pili, tairi la kushoto likawa linazunguka kurudi nyuma, kwa mwendo uleule. Nikalisimamisha la kulia, na la kushoto likasimama.

Sababu ni difu, kile kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Lile jino linafunga kile kinachoingia kwenye difu, lakini difu kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa tofauti, ili gari liweze kukata kona. Kilichofungwa ni jumla yao, si kila moja. Yakiwa yote mawili yamekanyaga ardhi, hayawezi kuzunguka kinyume, kwa hiyo gari linasimama. Nyanyua moja kwa jeki, na lililobaki chini liko huru kuviringika, mwenzake akizunguka hewani kinyumenyume. Vitz, Fielder, Demio na Note, nyingi zake zinavutwa na magurudumu ya mbele, na P inafunga ya mbele tu. Kwa hiyo ukipata pancha ya mbele njiani kwenda Mambrui, ukaweka P, ukapiga jeki, na hendibreki iko chini, gari lako halijashikwa na kitu chochote. Likianza kusogea jeki inalala, na wewe umeingiza mkono chini.

Gari linalovutwa na magurudumu ya nyuma lina balaa lake. Hapo P na hendibreki zote ziko nyuma, na ukinyanyua tairi moja la nyuma P haifai kitu. Unabaki na hendibreki kwenye gurudumu moja lililo chini. Ndiyo maana kabla ya jeki hendibreki iwe juu, gia iwe P, na jiwe liwekwe kwenye tairi lililo mshazari na lile linalonyanyuliwa, mbele na nyuma yake. Zile Land Cruiser za kupeleka watalii Tsavo zenye mkono wa pili wa gia, mkono huo ukiwa N, P haishiki magurudumu kabisa, hata yote yakiwa chini. Kitabu cha gari kinalisema hilo, ila hakisomwi.

Hili si tatizo la magari chakavu wala la madereva wa huku. Marekani, ambako otomatiki ilienea kabla ya kwetu, kulikuwa na malalamiko mengi kwamba magari ya Ford yaliyotengenezwa kati ya 1966 na 1980 yaliweza kuchomoka P na kuingia rivasi. Mwaka 1980 serikali na kampuni walifikia makubaliano: wenye magari kama milioni 23 wakatumiwa kibandiko cha dashibodi kilichowakumbusha kuhakikisha gia imeingia P, kuvuta breki ya kuegeshea na kuzima injini. Na Juni 2016 huko Los Angeles mwigizaji Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alifariki nyumbani kwake baada ya Jeep Grand Cherokee yake kuserereka nyuma na kumbana kwenye nguzo ya matofali na uzio. Magari ya aina hiyo, zaidi ya milioni 1, yalikuwa yameitwa kurekebishwa miezi miwili kabla: mkono wa gia ulikuwa ukirudi katikati kila ukiusukuma, hivyo dereva alishuka akidhani yuko P na hayuko.

Najua kwa nini kosa hilo ni rahisi. Magari yanayokuja sasa kila moja lina desturi yake. Prius ina kitufe cha P na kijimkono cha gia kinachorudi katikati. Noah na Voxy nyingi hazina hendibreki katikati ya viti. Inakanyagwa kwa mguu wa kushoto, na mtu aliyezoea gari la gia huikanyaga akidhani ni klachi. Mengine yana swichi ndogo yenye P ndani ya duara, unaivuta na unasikia mota zikilia nyuma. Kile kitufe kilichoandikwa HOLD si breki ya kuegeshea. Kinakusaidia kwenye foleni tu. Mazoea mazuri ni kuangalia dashibodi kabla ya kufungua mlango: herufi P inawaka, na taa nyekundu ya breki inawaka. Macho mawili, taa mbili.

Na joto letu limezaa mtindo unaoniogopesha. Mtu anasimama dukani, injini inanguruma ili kiyoyozi kisizime kwa sababu watoto wamo ndani, anashuka "dakika moja tu" kuchukua viazi karai. Wengine wanaiacha D wakavuta hendibreki. Gari la otomatiki likiwa D lina hamu ya kwenda lenyewe, na kiyoyozi kikijiwasha injini hupanda kidogo na hamu inaongezeka. Ukitoka kwenye kiti, zima. Watoto watoke nao wapate upepo.

Imebaki chumvi. Ukisoma vitabu vya magari haya utakuta onyo kwamba kwenye baridi kali breki ya mkono inaweza kuganda kwa barafu. Sisi hatuna barafu, tuna kutu. Chukua safari ya Lamu: unaendesha zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, unafika Mokowe, na hapo gari linabaki, maana unapanda boti na mjini vichochoro ni vya miguu na punda. Ukikaa siku mbili kwa harusi, hendibreki na P kama kawaida. Ukikaa wiki tatu, upepo wa bahari unapuliza magurudumu mchana na usiku, na pedi zilizobanwa kwenye chuma chenye unyevu zinashikana nacho. Kwa kukaa kwingi namna hiyo tafuta mahali tambarare kabisa, weka P, weka kabari mbele na nyuma ya tairi mbili, kisha legeza breki ya mkono na uone kama gari limetulia. Kama limetulia, liache hivyo. Kama mvua imekunyeshea njiani, au umetoka kuliosha, kabla ya kuegesha kanyaga breki mara kadhaa ukiwa mwendo mdogo zikauke.

Ukirudi na ukakuta betri imekufa, gia haitatoka P hata ukanyage breki vipi. Kwenye magari mengi ya Toyota kuna kifuniko kidogo kando ya gia kilichoandikwa SHIFT LOCK. Ukibonyeza ndani yake kwa ncha ya ufunguo gia inaachia. Vuta hendibreki kabla ya kubonyeza.

Na kama uliivuta ulipoondoka na sasa magurudumu ya nyuma hayataki kuachia, usilikanyagie mafuta. Legeza mkono, weka D, liache livute lenyewe kidogo, weka R, livute tena. Utasikia "kop" upande mmoja, halafu upande wa pili. Rudisha P, vuta hendibreki, zima, kisha shuka ukatoe kabari, uzitie kwenye buti, ndipo uanze safari ya Witu.